Faida Halisi kama Bunilizi: Hoja dhidi ya Kimya cha Wahakiki

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani alinijia hapa Makutano akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amehitimu shahada ya fasihi, na tayari alikuwa ameandika miswada ya vipindi kumi na vitatu vya mchezo wa kuigiza wa televisheni. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa kurasa kumi na moja, ulioandikwa kwa Kiingereza, pamoja na taarifa ya hesabu ya ukurasa mmoja. Mkataba ulimwahidi asilimia tano ya "faida halisi". Fasili ya faida hiyo ilisemekana kuwa katika Kiambatisho C, ambacho hakikuwa kimeambatishwa. Taarifa ya hesabu nayo ilimweleza kwamba mchezo wake, uliokwisha kuonyeshwa mara mbili, na ambao majirani zake waliyajua maneno yake kwa moyo, ulikuwa umeleta hasara. "Mwalimu," aliniuliza, "hili neno halisi lina maana gani hapa?"

Nilimjibu kuwa hayo ni mambo ya mawakili na wahasibu. Nilimnunulia chai, nikamtakia heri, kisha nikarudi kusahihisha karatasi za mtihani ambazo swali lake la kwanza liliwataka watahiniwa wafafanue matumizi ya kinaya.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, ingawa kwa kuchelewa. Hoja yetu ya msingi ni kwamba mikataba na taarifa za hesabu ambazo kwazo kampuni za filamu hugawana mapato na wasanii ni matini zilizobuniwa: zina msimulizi, zina msuko, na zina tamathali zake. Kwa hiyo zimo ndani ya mipaka ya taaluma yetu. Tunadai pia kwamba kimya cha idara za fasihi juu ya matini hizi kina upande kinachoutumikia, na upande huo si wa msanii. Wenzetu wengi hawatakubaliana nasi. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

2.0 Hesabu kama Matini

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya sinema inatulazimu kuongeza kwamba mali yenye daftari nayo hupotea, na mara nyingine hupotelea katika daftari lenyewe.

Kesi inayojulikana zaidi ni ile ya mwandishi Art Buchwald dhidi ya kampuni ya Paramount. Mwaka 1983 Paramount ilijipatia haki ya kutumia kisa kifupi cha Buchwald kuhusu mtawala wa Kiafrika anayezuru Marekani. Baadaye kampuni ilitangaza kuuacha mradi huo. Mwaka 1988 Paramount hiyohiyo ilitoa filamu ya *Coming to America*, ambamo Eddie Murphy anaigiza mwanamfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zamunda. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 280 katika majumba ya sinema duniani. Buchwald na mtayarishaji mwenzake, Alain Bernheim, walikwenda mahakamani. Mwanzoni mwa mwaka 1990 jaji wa Los Angeles, Harvey Schneider, aliamua kwamba filamu ilitokana na kisa cha Buchwald, na kwamba alistahili mgao wake wa asilimia moja na nusu ya faida halisi. Jibu la kampuni lilikuwa fupi: faida halisi haikuwapo. Filamu juu ya ufalme wenye utajiri usio kikomo ilikuwa, kwa mujibu wa daftari, imepata hasara ya mamilioni ya dola.

Mhakiki wa fasihi akiisoma taarifa ya namna hii atagundua mambo matatu. Kwanza, taarifa ina msimulizi, na msimulizi huyo ni mhusika katika kisa anachokisimulia. Kampuni ndiyo inayopokea fedha, ndiyo inayozitumia, na ndiyo inayomsimulia mshirika wake kilichotokea. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutomwamini kikamilifu msimulizi wa nafsi ya kwanza mwenye maslahi katika kisa. Kwa nini tunamwamini anapozungumza kwa tarakimu?

Pili, taarifa ina msuko. Katika mikataba ya aina hii, kutoka katika mapato huondolewa kwanza ada ya usambazaji, ambayo kampuni hujilipa yenyewe, kisha gharama za usambazaji na matangazo, kisha riba, kisha gharama ya kutengeneza filamu. Mshirika wa faida halisi huja mwisho kabisa. Mpangilio huu una athari yake. Kwa kuwa kila shilingi mpya inayoingia hukatwa ada kwanza, na kwa kuwa riba huendelea kuongezeka kabla ya gharama kumalizika kulipwa, mwisho wa kisa husogea mbele kadiri msomaji anavyoukaribia. Huu ni ufundi wa taharuki ambao mtunzi yeyote wa riwaya ya upelelezi angeuonea wivu.

Tatu, taarifa ina tamathali, na iliyotawala ni chuku. Katika uamuzi wake wa Desemba 1990, jaji Schneider alivitaja vipengele kadhaa alivyoviona kuwa vya kidhalimu. Kampuni ilikuwa imetoza asilimia 15 kama gharama za jumla za uendeshaji, bila kiwango hicho kuwa na uwiano na gharama iliyotumika kwa kweli. Ilikuwa imeongeza asilimia 10 juu ya gharama za matangazo kwa mtindo huohuo. Isitoshe, ilitoza riba juu ya zile gharama za jumla zenyewe. Kwa lugha yetu ya darasani, chuku ilikuwa imejengwa juu ya chuku. Mahakama ilisoma kama ambavyo mhakiki angepaswa kusoma: iliuliza uhusiano uliopo kati ya neno na kitu kinachotajwa na neno hilo, ikaona kwamba haupo.

Mwaka 1992 Buchwald alipewa fidia ya dola 150,000, na Bernheim dola 750,000. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka 1995 kabla ya kusikilizwa na mahakama ya rufaa, na kwa sababu hiyo hukumu ile haikupata kuwa sheria ya kuzifunga mahakama nyingine. Wakati huohuo Winston Groom, mwandishi wa riwaya ya *Forrest Gump*, alikuwa akielezwa jambo lilelile kuhusu filamu ya mwaka 1994 iliyotokana na kitabu chake. Filamu ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 600. Yeye alikuwa na asilimia tatu ya faida halisi. Faida halisi haikuwapo. Mwigizaji mkuu na mwelekezi wa filamu hiyo walikuwa wamekubaliana kulipwa kutokana na pato ghafi, nao walipata mamilioni. Tofauti haikuwa ya vipawa. Wao walikuwa na nguvu ya kuchagua fungu ambalo asilimia yao ingehesabiwa kwalo.

Msomaji wa sehemu zetu hizi hahitaji kwenda Hollywood ili auelewe utaratibu huu. Mkulima wa kahawa wa Meru au Embu anaujua tangu utoto wake. Hupeleka matunda kiwandani, hupimiwa kilo zake, kisha husubiri. Malipo yanapofika, yamekwisha kupita kwa chama cha ushirika, kwa mkoboaji, kwa wakala wa mauzo, na kwa mkopo wa mbolea; na kila mmoja wao amekata chake. Hata hivyo mkulima huyo, ambaye huenda hakumaliza darasa la saba, huhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, husimama, na hudai asomewe makato moja baada ya jingine. Lugha yetu huliita tunda la kahawa buni, na tendo la kutunga kubuni. Wenye kuchuma buni wamejifunza kuuliza juu ya makato mapema kuliko wenye kubuni. Hilo ni jambo la kutuaibisha sisi tuliowasomesha hao wa pili.

3.0 Nani Mtungaji?

Kabla ya suala la mgao kuna suala la jina. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kama ilivyotungwa mwaka 2001, inatoa fasili ya mtungaji katika kifungu chake cha pili. Kwa kazi ya kifasihi, mtungaji ni mtu aliyeiunda kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa kazi ya sauti na picha, ambayo ndiyo filamu, mtungaji ni mtu aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwake.

Tunaomba msomaji airudie sentensi hiyo ya mwisho. Mwandishi wa mswada hatajwi. Mwelekezi hatajwi. Mpiga picha na mhariri hawatajwi. Aliyefanya mipango, yaani, kwa kawaida, mwenye fedha au wakala wake, ndiye anayevikwa jina la mtungaji. Isitoshe, sheria hiyo inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Ni kweli kuwa mwandishi wa mswada hubaki na haki zake juu ya mswada kama kazi ya kifasihi. Lakini haki hizo nazo huondoka endapo mswada uliagizwa na mkataba ukanyamaza.

Sasa tujiulize wahakiki walikuwa wapi. Tangu miaka ya themanini tumekuwa tukihariri, kufasiri na kufundisha makala ya Roland Barthes ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi. Tumewaambia wanafunzi kwamba mwandishi si chanzo cha maana, kwamba matini ni mfumaji wa sauti nyingi, kwamba jina lililo kwenye jalada ni desturi tu. Kama nadharia ya usomaji, hoja hiyo ina thamani yake, nasi hatuikatai. Lakini Barthes aliandika katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa ikiwatambua tangu mwaka 1957 mwelekezi, mwandishi wa mswada na mtunzi wa muziki kuwa watungaji wa filamu. Mwandishi aliyeuawa Paris kinadharia aliendelea kupokea mrabaha wake. Sisi tulimwua mwandishi ambaye sheria ilikuwa haijamzaa.

Mapokeo yetu wenyewe yangetufundisha tofauti. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja majina yao katika beti za kumalizia, na aghalabu mwaka wa utunzi pia. Desturi hiyo ilikuwa dai: huyu ndiye aliyetunga, na atakayenakili asilifute jina. Hatudai kwamba watunzi hao walilipwa kwa haki. Tunachodai ni kwamba walijua kuwa umiliki wa kazi hujengwa ndani ya matini yenyewe, kwa maneno, na kwamba yasipoandikwa na mtunzi yataandikwa na mtu mwingine.

4.0 Hali ya Nyumbani

Huenda ikasemwa kuwa Kenya na Tanzania hazina Hollywood, na kwamba filamu zetu ndogo hazina faida ya kufichwa. Ukweli ni kwamba kwetu bunilizi ya hesabu imechukua umbo jingine, lililo fupi zaidi: hesabu haitolewi kabisa.

Katika biashara ya filamu za video iliyostawi Dar es Salaam katika muongo wa kwanza wa karne hii, utaratibu uliozoeleka ulikuwa mtayarishaji kumwuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mkupuo. Baada ya hapo idadi ya nakala zilizochapwa na kuuzwa aliijua msambazaji peke yake. Steven Kanumba alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, umati mkubwa wa watu ulifurika kumzika. Nyuso zilizokuwa kwenye majalada ya filamu ziliendelea kuuza. Swali la nani ananufaika na nakala mpya za filamu za marehemu lilizungumzwa sana magazetini, na ni vigumu kulijibu ikiwa haki zilikwisha kuuzwa mara moja tu. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilipoanzisha stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki, kwa mara ya kwanza palikuwa na chombo kingine, nje ya ofisi ya msambazaji, kilichoweza kuhesabu nakala. Ni kinaya kwamba hesabu hiyo ilikuja kwa ajili ya kodi, wala si kwa ajili ya msanii.

Nairobi nako, biashara ya Riverwood, iliyopata jina lake kutokana na barabara ya River Road, ilijengwa kwa bei nafuu, kwa lugha za wananchi, na kwa maelewano ya mdomo. Katika muziki, ambao ni jirani wa filamu na wenye madai ya miaka mingi zaidi, mambo yalifika hadharani mwaka 2019, wakati wanamuziki walipolalamika kwamba mgao waliopokea kutoka chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, ulikuwa shilingi 2,530 kwa kila mmoja. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Hakimiliki, likaamua kwamba katika mapato ya milio ya simu ya aina ya Skiza mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo msomaji aliyetufuata hadi hapa atauliza swali la mwanafunzi wangu kwa namna nyingine: asilimia 52 ya fungu gani, na nani aliyelihesabu fungu hilo? Asilimia ni kivumishi. Haina maana mpaka ijulikane nomino inayoivumisha.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza tunalolitarajia ni la kitaaluma: kwamba mhakiki hana ujuzi wa sheria wala uhasibu. Hatuna ujuzi wa theolojia pia, lakini tunafundisha tenzi za kidini. Hatuna ujuzi wa utabibu, lakini tunachambua riwaya za ukimwi. Tunachokijua ni namna maneno yanavyotenda kazi. Mkataba ni maneno. Fasili ya faida halisi haikuandikwa na wahasibu kwa ajili ya kuhesabu. Iliandikwa na mawakili kwa ajili ya kujadiliana, na ilipata nguvu zake kutokana na kufanana kwake na neno la kawaida. Mtu asikiaye neno faida hufikiri juu ya faida ya dukani: bei ya kuuzia ukiondoa ya kununulia. Neno limekopwa kutoka sokoni, likapewa maana nyingine ofisini, kisha likarudishwa kwa msanii likiwa na sura yake ya zamani. Ni nani aliye na wajibu wa kulifichua jambo hilo ikiwa si mtaalamu wa maana?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hatutalipuuza. Mtayarishaji hubeba hatari. Filamu nyingi hupata hasara ya kweli, na chache zinazofaulu ndizo zinazozilipia nyingine. Mtu aliyeweka rehani shamba lake ili kutengeneza filamu anastahili kurudishiwa kwanza. Tunakubali. Lakini hoja ya hatari inahalalisha fungu kubwa kwa anayehatarisha. Haihalalishi fungu kubwa kuitwa jina la uongo. Kama makubaliano ni kwamba mwandishi hatapata chochote zaidi ya malipo ya kwanza, basi na yaandikwe hivyo, ili aweze kudai malipo ya kwanza yaliyo makubwa zaidi. Ahadi ya asilimia tano ambayo mtoaji anajua haitatimia ni namna ya kupunguza bei ya kazi leo kwa kulipia ndoto ya kesho.

Pingamizi la tatu husema kuwa enzi ya faida halisi imepita, kwa kuwa majukwaa ya mtandaoni hununua filamu kwa bei moja na hayauzi tiketi. Mgomo wa waandishi wa filamu wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 148, ulikuwa na jambo hili katika kiini chake: kama idadi ya watazamaji ni siri ya jukwaa, mwandishi atadai mgao wake kwa msingi gani? Makubaliano yaliyoumaliza yalilazimisha majukwaa kukipa chama cha waandishi baadhi ya takwimu za utazamaji. Waandishi wale walielewa kwamba kabla ya kugawana fedha ni lazima kugawana habari. Msanii wetu, ambaye hana chama chenye nguvu za kiasi hicho, ana haja kubwa zaidi ya kuelewa anachokitia sahihi.

6.0 Hitimisho

Ingekuwa unafiki kuzishutumu kampuni bila kujitazama. Idara zetu zimekuwa zikionyesha darasani nakala za filamu zilizodurufiwa bila idhini, na kuita kitendo hicho ufundishaji. Baadhi yetu tumeandika miongozo ya vitabu teule iliyotuletea fedha kuliko ambavyo vitabu vyenyewe viliwaletea watunzi wake. Tunaijua vizuri tofauti kati ya pato ghafi na faida halisi mrabaha wa mchapishaji unapochelewa. Tunaisahau tunapoingia darasani. Mwanafunzi wetu hutoka na uwezo wa kuchambua taswira katika shairi la beti arubaini, lakini hawezi kuona kwamba katika ukurasa wa tisa wa mkataba wake neno moja limebeba maana mbili.

Tunapendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa idara bila kungoja Bunge wala mfadhili. Kwanza, kila kozi ya uandishi wa kubuni, ya tamthilia na ya filamu iwe na wiki mbili za kusoma mikataba na taarifa za hesabu kama matini, kwa zana zilezile za msimulizi, msuko na tamathali. Pili, idara zianze kazi ya istilahi: faida halisi, pato ghafi, gharama za jumla na haki ya ukaguzi wa hesabu zipewe fasili za Kiswahili zilizo wazi, ili mkataba uweze kudaiwa kwa lugha ambayo msanii anaiota. Tatu, uhakiki wa filamu unaochapishwa katika majarida yetu uanze kutaja, pamoja na fani na maudhui, ni nani anayemiliki kazi inayohakikiwa. Mhakiki anayeandika kurasa ishirini kuhusu sauti ya mwanyonge katika filamu, bila kuuliza kama mwandishi wake alilipwa, hajamaliza kusoma.

Mwanafunzi wangu hakurudi tena na bahasha yake. Nasikia sasa anafundisha katika shule moja ya upili upande wa Embu, na haandiki. Sidai kuwa mkataba ule ndio uliomnyamazisha. Maisha yana sababu nyingi. Lakini nakumbuka kwamba alikuja kwa mwalimu wake wa fasihi kuuliza maana ya neno, na kwamba mwalimu huyo alikuwa na jibu la kila neno isipokuwa hilo. Halisi, katika mkataba ule, ilikuwa na maana ya kile kinachobaki baada ya mwenye kalamu nyingine kumaliza kuandika. Ningemwambia hivyo siku ile, pengine angeitaka kalamu hiyo mapema.